Na Huyu Naye Ahesabiwe: Historia ya Wachezaji wa Geelong na Tamasha la Edinburgh

(Mazungumzo ya redio, yamechapishwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji)

Jioni hii sitawaletea habari za mapigano wala za mikutano ya wakubwa. Nitawasimulia historia. Ni historia ya kundi la wachezaji wa mchezo wa kuigiza, watu wenye ulemavu, waliotoka mbali sana katika nchi ya Australia, wakavuka bahari hadi mji wa Edinburgh huko Uskoti. Mtaniuliza: hayo yanatuhusu nini sisi tulioacha nyumba na mashamba yetu? Ngojeni kidogo. Kwanza nataka kuungama jambo moja.

Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kuandika majina ya watu waliofika usiku wakikimbia vita. Nilikuwa na daftari na kalamu. Mvua ilikuwa inanyesha, watu wamechoka, na mimi nilikuwa na haraka. Mama mmoja akafika mbele yangu. Nikamwuliza: "Mama, mko wangapi?" Akajibu: "Tuko wane." Kisha akageuka, akamwangalia kijana aliyeketi juu ya chukudu, miguu yake imekunjamana, akasema: "Tuko wane, na huyu."

Nami nikaandika: wane.

Kesho yake jetoni za chakula zilipogawanywa, nyumba ile ilipewa za watu wane. Mama hakusema neno. Mtoto wake mdogo ndiye aliyekuja kunivuta shati: "Na yaya, haandikwi?" Nikarudi na daftari langu, nikamwuliza mama jina la yule kijana. Kabla mama hajafungua kinywa, kijana akasema: "Jina langu ninalijua. Niulize mimi."

Basi, maneno hayo mawili, "na huyu" na "niulize mimi", ndiyo somo la leo. Tuyashike, tukaingie katika historia.

1. Tamasha lililozaliwa katika njaa

Vita Kuu ya Pili ya dunia ilimalizika mwaka wa 1945. Ulaya ilikuwa imebomoka. Miji mingi ilikuwa vifusi, na mamilioni ya watu walikuwa barabarani au kambini, mbali na kwao, kama ninyi. Hata Uingereza, iliyoshinda vita, watu wake waliendelea kununua chakula kwa tikiti za mgawo. Mkate ulitolewa kwa mgawo kuanzia 1946 hadi 1948. Makaa ya mawe ya kupasha nyumba joto yalikuwa haba.

Katika shida hiyo mtu mmoja aliyeitwa Rudolf Bing alileta wazo. Bing alizaliwa Vienna, katika Austria, mwaka wa 1902, katika familia ya Kiyahudi. Alikuwa akifanya kazi ya muziki na michezo ya jukwaani huko Ujerumani. Wanazi, yaani chama cha Hitler, walipotwaa utawala mwaka wa 1933, alipoteza kazi yake, na mwaka uliofuata alikwenda kufanya kazi Uingereza. Kwa hiyo aliyeleta wazo hili alikuwa mtu aliyefukuzwa katika kazi yake na katika nchi alimokuwa akiishi. Wazo lake lilikuwa hili: tutafute mji ambao haukubomolewa sana, tuwaite hapo wanamuziki na wachezaji wa mataifa yaliyokuwa yakipigana, wakae pamoja kwa majuma matatu, wafanye kazi mbele ya watu.

Mji uliopatikana ni Edinburgh. Tamasha la kwanza lilifunguliwa mwezi wa nane 1947. Serikali ilikuwa imekataza kumulika ngome ya mji kwa taa, kwa sababu makaa hayakutosha. Wenyeji wakajitolea makaa ya mgawo wao wenyewe ili ngome imulikwe. Ninyi mnaojua thamani ya jetoni moja, mtaelewa uzito wa tendo hilo.

Siku zile jambo moja liligusa watu sana. Bruno Walter alikuwa mwongozaji wa muziki mwenye sifa kubwa, Myahudi aliyezaliwa Berlin. Wanazi walimfukuza Ujerumani mwaka wa 1933, kisha mwaka wa 1938 walipoimeza Austria akapoteza makao yake huko pia. Kundi la wanamuziki wa Vienna alilokuwa akiliongoza liliwatoa Wayahudi waliokuwamo. Baadhi yao walifia katika kambi za Wanazi. Sasa, mwaka wa 1947 huko Edinburgh, Bruno Walter alisimama tena mbele ya kundi lile la Vienna na kuliongoza. Sisemi kwamba siku ile walisahau. Wafu hawakurudi. Lakini aliyefukuzwa alisimama mahali pake, na waliobaki wakamtazama mkono wake na kumfuata.

Na jambo la pili la mwaka ule: makundi manane ya wachezaji yalifika Edinburgh bila kuitwa. Hayakuwa katika orodha. Hayakurudi nyumbani kwa hasira. Yalitafuta kumbi ndogo, yakacheza kandokando ya tamasha kubwa. Kutokana na makundi yale manane likazaliwa tamasha la pili, linaloitwa la ukingoni, ambalo leo ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza Edinburgh ilikuwa na maswali mawili: ni nani aliyefukuzwa, tumrudishe? Na ni nani asiyeandikwa katika orodha?

2. Watu waliofichwa nyuma ya ukuta

Sasa tuvuke bahari hadi Australia. Katika jimbo la Victoria, kwa miaka mingi, mtoto aliyezaliwa na ulemavu wa akili, yaani mtu ambaye akili yake inachukua muda mrefu kushika jambo, mara nyingi alitolewa kwa wazazi wake na kuwekwa katika nyumba kubwa ya serikali. Nyumba moja ya namna hiyo, Kew Cottages katika mji wa Melbourne, ilifunguliwa mwaka wa 1887 na kufungwa kabisa mwaka wa 2008. Kwa miaka zaidi ya mia moja watu waliingia mle wakiwa watoto, wakazeekea ndani. Walipewa chakula na kitanda. Lakini hakuna aliyewauliza wanataka nini.

Katika miaka ya 1980 mawazo yalianza kubadilika. Serikali ya jimbo ilianza kuwatoa watu katika nyumba zile, wakae mjini kama wengine. Ndipo, mwaka wa 1987, katika mji wa bandari uitwao Geelong, kilomita zipatazo 75 kutoka Melbourne, likaanzishwa kundi la mchezo wa kuigiza lililoitwa Back to Back Theatre. Jina hilo maana yake ni "mgongo kwa mgongo". Wachezaji wake ni watu ambao wengine wanawaita wenye ulemavu wa akili, au watu wa akili ya namna nyingine. Mwaka wa 1999 Bruce Gladwin akawa mwongozaji wao.

Angalieni vizuri namna wanavyofanya kazi. Hawapewi maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine wayakariri. Wanakaa pamoja, wanabishana, wanajaribu, wanatupa, wanajaribu tena. Mchezo mmoja unaweza kuchukua miaka kutengenezwa, na maneno yanatoka kwa wachezaji wenyewe. Tena wachezaji wanalipwa. Ni kazi yao, kama fundi seremala anavyolipwa kwa meza aliyoitengeneza. Watu wanaonunua tikiti hawaji kutoa sadaka.

3. Rafiki aliyekataa kuhama

Mwaka wa 2005 kundi hili lilitengeneza mchezo uitwao Small Metal Objects, maana yake "vitu vidogo vya chuma". Hawakuucheza katika jumba. Waliucheza katika kituo cha treni cha Flinders Street, Melbourne, katikati ya abiria. Watazamaji waliketi juu ya viti vilivyopangwa upande mmoja, kila mtu amevaa visikilizio masikioni. Abiria walipita na mizigo yao bila kujua kwamba kuna mchezo. Watazamaji walisikia sauti za watu wawili wanaozungumza, lakini ilibidi wawatafute kwa macho katika umati. Ni akina nani wanaosema? Ni yule? Ni huyu? Polepole waliwaona: watu wawili wa kawaida, ambao kila siku wangepitwa bila kuangaliwa.

Majina yao katika mchezo ni Gary na Steve. Watu wawili wenye fedha wanakuja kutafuta kununua kitu kwao, dawa za kulevya. Gary yuko tayari. Lakini Steve amesimama mahali pamoja, ana jambo linalomsumbua moyoni, hataki kuondoka. Na Gary anakataa kwenda bila Steve. Wale wenye fedha wanaongeza bei. Wanabembeleza, wanaahidi, wanakasirika. Wamezoea kwamba kila mtu ana bei yake. Hawaelewi mtu anayesema: rafiki yangu hawezi kuhama sasa, kwa hiyo nami sihami. Biashara inavunjika.

Mchezo huu ulizunguka katika matamasha ya nchi nyingi. Mwezi wa kwanza 2008 ulichezwa New York, Marekani, katika kituo cha vivuko ambako maelfu ya watu hupita kila siku wakikimbilia kazi.

Ndugu zangu, ninapofikiri juu ya Gary ninakumbuka usiku wa kukimbia. Ninyi mnaujua kuliko mimi. Risasi zinalia, mtu ana mikono miwili tu. Mkono huu mtoto, mkono huu sufuria. Na bibi asiyeona? Na kaka asiyetembea? Wako waliowabeba mgongoni usiku kucha. Wako walioshindwa, na mpaka leo hawalali vizuri. Sikuja kuhukumu mtu yeyote. Lakini ninasema kwa wakubwa wa kijiji na wa kambi: mambo haya hayafai kuamuliwa usiku ule ule wa risasi. Yapaswa kuamuliwa mapema, mchana, kwa amani: nani atambeba nani, na chukudu ya nani itatumika. Anayehusika awepo katika mazungumzo, aseme mwenyewe jinsi anavyoweza kubebwa.

4. Karatasi na kalamu nyekundu

Sasa tunafika mahali pagumu. Mwaka wa 2011, Melbourne, kundi la Geelong lilionyesha mchezo uitwao Ganesh Versus the Third Reich, yaani "Ganesh dhidi ya utawala wa Hitler". Ganesh ni mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo. Swastika, ule msalaba uliopindwa ncha, kwa maelfu ya miaka ni alama ya heri kwa Wahindu. Wanazi waliichukua wakaifanya bendera yao. Katika mchezo, Ganesh anasafiri hadi Ujerumani ya Hitler kuidai alama iliyoibwa.

Kwa nini watu wenye ulemavu wachague hadithi hiyo? Ili kuelewa, inabidi tujue kile ambacho Wanazi waliwatendea watu kama wao.

Mwezi wa saba 1933 Wanazi waliweka sheria ya kuwazuia watu wenye ulemavu na magonjwa fulani wasizae. Watu karibu 400,000 walipasuliwa kwa nguvu. Baadaye, mwaka wa 1939, Hitler alitoa ruhusa wagonjwa na walemavu wauawe. Kazi ile ilianza kwa karatasi. Hospitali na nyumba za malezi zilipelekewa fomu za kujaza: jina, umri, ugonjwa, na anaweza kufanya kazi gani. Fomu zilipelekwa kwa madaktari watatu ambao hawakumwona mgonjwa kwa macho. Daktari akitia alama ya kujumlisha kwa rangi nyekundu, mtu yule auawe. Akitia alama ya kutoa kwa rangi ya buluu, abaki. Basi mabasi yakaja kuwachukua. Kati ya mwezi wa kwanza 1940 na mwezi wa nane 1941, watu zaidi ya 70,000 waliuawa kwa gesi katika nyumba sita zilizotengwa kwa kazi hiyo. Hesabu hiyo waliiweka wauaji wenyewe. Familia zilipata barua za uongo: mtu wenu amekufa kwa ugonjwa wa ghafula.

Tarehe 3 mwezi wa nane 1941 askofu wa Münster, Clemens August von Galen, alisimama kanisani akayasema waziwazi. Maneno yake yalinakiliwa kwa siri na kuenea. Kabla ya mwezi kwisha, Hitler aliamuru mauaji yale ya gesi yasimame. Lakini walemavu waliendelea kuuawa kwa njaa na kwa dawa hadi mwisho wa vita. Na watu waliojifunza kuua katika nyumba zile sita walipelekwa Poland, kwenye kambi za Belzec, Sobibor na Treblinka, kuwaua Wayahudi. Mnaona njia ilivyokwenda? Ilianza kwa yule ambaye kila mtu alimwona mzigo. Haikuishia kwake.

Sisi wa Maziwa Makuu tunaijua njia hiyo. Nasi watu wa redio hatuwezi kusahau kwamba mwaka wa 1994, huko Rwanda, redio ilitumika kuwaita watu mende. Mauaji ya watu wengi huanza na maneno: hawa si watu kamili.

Mnaelewa sasa kwa nini ninakumbuka daftari langu. Sisemi mimi nilikuwa Mnazi. Kalamu yangu haikuua mtu. Lakini nilitazama mtu kwa haraka, nikaona miguu yake, sikuona mtu, na orodha yangu ikamwacha nje. Kosa lilikuwa dogo. Njia ilikuwa ile ile.

5. Wachezaji wanafika Edinburgh

Mwezi wa nane 2014 kundi la Geelong lilifika Edinburgh na mchezo wao wa Ganesh. Mwaka ule Ulaya ilikuwa inakumbuka miaka mia tangu vita ya 1914 ianze, ile vita iliyowafikisha askari na wapagazi wa Kongo hadi Tabora mwaka wa 1916, na tamasha lilikuwa limechagua kutafakari juu ya vita. Waliitwa rasmi. Hawakuwekwa ukingoni, walicheza katika jumba la Royal Lyceum, la zamani na lenye heshima.

Jukwaani walining'iniza mapazia makubwa ya plastiki, moja nyuma ya jingine. Ninyi mnaoishi chini ya shitingi mnajua jinsi mwanga unavyopita katika plastiki na kumfanya mtu awe kivuli. Nyuma ya mapazia yale Ganesh alionekana akisafiri, na Hitler, na daktari Mengele, yule aliyewafanyia watu majaribio kule Auschwitz.

Lakini mchezo ulikuwa na nusu ya pili, na hiyo ndiyo iliyowachoma watu. Mara mapazia yanafunguliwa na tunaona wachezaji wenyewe wakiwa katika mazoezi, wamevaa nguo za kila siku. Pamoja nao yuko mwongozaji, mtu asiye na ulemavu, anayeongea sana. Anajiona mwenye huruma. Anawafundisha, anawasifu, kisha anawasukuma, anawafokea, mwisho anawaonea. Wachezaji wanabishana: je, tuna haki ya kusimulia mateso haya? Na mwenzetu huyu, je, anaelewa kwamba huu ni mchezo? Nani aseme kwa niaba yake? Mwongozaji anafika mpaka kuelekeza kidole kwenye viti na kusema kwamba watazamaji wamekuja tu kukodolea macho vilema.

Watu waliokaa vitini hawakuwa na pa kujificha. Walikuja kumchukia Hitler, jambo rahisi. Wakaonyeshwa mkubwa mdogo, yule anayesaidia watu na huku anawakalia. Huyo si wa Ujerumani ya zamani. Huyo anaweza kuwa mkubwa wa komite, mchungaji, mwalimu, mtu wa shirika, au mtangazaji wa redio.

Niseme pia kwamba si wote waliopendezwa. Baadhi ya Wahindu walisikitika kuona mungu wao akiwekwa katika mchezo. Wachezaji hawakujifanya hawajui. Ndani ya mchezo wenyewe wanaulizana kama wana ruhusa. Nafikiri hiyo ni adabu ambayo nasi tunaihitaji. Mateso ya mtu mwingine hayasimuliwi kama mali yako.

Baada ya Edinburgh kundi hili liliendelea kukua. Mwaka wa 2022 lilipewa huko Norway tuzo ya kimataifa ya Ibsen, moja ya tuzo kubwa kabisa za mchezo wa kuigiza. Mwaka wa 2024, Venice, Italia, likapewa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yote. Watu ambao zamani wangefichwa nyuma ya ukuta walisimama mbele ya dunia wakapokea heshima kwa sababu ya kazi yao.

6. Chumba kimoja, kipimo kimoja

Sasa nataka kuwaambia wakubwa wetu juu ya kazi nyingine ya kundi hili, kwa sababu hiyo tunaweza kuiga bila fedha nyingi. Linapoalikwa kukaa siku kadhaa katika mji fulani, pengine halileti mchezo uliokwisha kutengenezwa. Linajenga chumba kidogo cha mbao chenye milango. Linawaita watu wa mahali pale: wazee, watoto, wenye ulemavu na wasio nao. Kamera inapita polepole mbele ya chumba, juu ya reli. Kila mtu anapata nafasi yake ndani ya chumba kile: acheze ngoma, aseme neno, aketi tu. Hakuna anayepewa chumba kikubwa zaidi kwa sababu ya cheo chake. Kazi hiyo inaitwa The Democratic Set, na wameifanya katika nchi mbalimbali.

Je, sisi hatuwezi? Hatuhitaji kamera. Tunahitaji turubai moja, kiti kimoja, na mtu wa kuangalia saa. Katika baraza la kambi, kila anayeketi kiti kile apewe dakika tatu. Shefu dakika tatu. Mjane dakika tatu. Kijana wa chukudu dakika tatu. Asiyesema kwa kinywa aseme kwa mikono, na aliyezoea kumwelewa atafsiri, lakini asiongeze lake. Anayesema polepole angojewe. Mtaona ni mambo gani yatatokea ambayo miaka yote hayakusikika: choo ambacho magongo hayapiti, maji yaliyo mbali mno kwa asiyeona, msichana kiziwi asiyeweza kupiga kelele usiku.

Na msiseme mambo haya ni ya Wazungu. Sisi Wakongo tuna mfano wetu. Pale Kinshasa, karibu na bustani ya wanyama, wanaume waliopooza miguu kwa ugonjwa wa polio walipiga muziki wakiwa juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu. Walijiita Staff Benda Bilili, na Benda Bilili kwa Kilingala ni kusema: tazama mbele zaidi ya kile kinachoonekana. Pamoja nao alikuwa kijana aliyepiga chombo alichokitengeneza mwenyewe kwa kopo na waya mmoja. Mwaka wa 2009 walitoa sahani yao ya kwanza na kucheza katika tamasha la Belfort, Ufaransa. Mwaka wa 2010 filamu juu ya maisha yao ilionyeshwa Cannes. Fedha na sifa zilipokuja yalikuja pia magomvi, na kundi likavunjika mwaka wa 2013. Hilo nalo ni la kujifunza: mwenye ulemavu si malaika. Anaweza kugombana na kukosea kama wewe na mimi. Kumhesabu kuwa mtu ni kumpa hata nafasi hiyo.

7. Neno la mwisho

Wazee wetu walisema: hujafa hujaumbika. Anayetembea leo hajui kesho. Vita imetufundisha methali hiyo kwa bomu na kwa risasi. Katika kila kambi wako waliokuwa na miguu miwili kabla ya shambulio. Lakini sitaki tuwahesabu walemavu kwa hofu ya kwamba kesho nasi tutakuwa kama wao. Tuwahesabu kwa sababu wako. Amani inayotengenezwa na watu wane, huku wa tano ameachwa juu ya chukudu mvuani, bado ni orodha yenye kosa.

Yule kijana, nilipomwuliza mwenyewe, alinipa jina lake, la baba yake, na la kijiji chake. Kisha akaniambia jambo ambalo sikumwuliza: kwamba anajua kusoma na kuandika, na kwamba mwandiko wangu ni mbaya. Tulicheka. Kutoka siku ile yeye ndiye aliyeshika daftari la safu yao ya mahema, na sikusikia tena mtu akilalamika kwamba nyumba yake imehesabiwa vibaya. Kila familia iliyofika mbele yake aliiuliza: "Mko wangapi?" Wakishajibu aliuliza mara ya pili: "Na nani mwingine?"

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:

Moja. Katika nyumba zetu, ni nani ambaye sisi humjibia maneno kabla hajasema? Kwa nini?

Mbili. Kama tungelazimika kukimbia usiku huu, ni nani asiyeweza kwenda kwa miguu yake? Tumepatana naye tutafanyaje?

Tatu. Katika komite yetu, yuko mwenye ulemavu anayesema na kuamua, au tunaye wa kuonyeshwa kwa wageni tu?

Nne. Yule mwongozaji wa mchezo alidhani anasaidia. Sisi tunaosaidia, tutajuaje kwamba tunawakalia watu?

Kwa herini, ndugu wasikilizaji. Mlale kwa amani.